Mbegu Isiyonuka Moshi

Mwanaume akikuambia anakupenda, kisha ukamwona anachungulia kulia na kushoto kabla ya kuchuma jani la mahindi shambani kwa mama yako na kulitia kwenye mkoba wake, utafikiri nini? Mimi nilifikiri mabaya. Niliyafikiri wiki tatu nzima, nikila nayo na kulala nayo. Jumatatu ile nikaamka mapema, nikaoga, nikavaa gauni la kijani ambalo Jabiri hulisifu kila akiliona, nikamuaga mama kwamba naenda Korogwe kuchagua vitenge vya siku ya posa. Uongo mtupu. Nilikuwa naenda kumfumania.

Si kumfumania na mwanamke, ingawa na hilo nilikuwa sijaliondoa akilini. Nilitaka kumkuta na lile jani. Barua ya posa ilikuwa ije kwetu Sindeni Jumamosi, wazee wameshaarifiwa, na mimi sikuwa tayari kuposwa na mwizi.

Jabiri ni mtafiti wa mradi mmoja wa mbegu. Kitalu chao kipo Ngombezi, pembeni ya mashamba ya mkonge, hatua chache tu kutoka kwenye nyumba za kambi alikozaliwa yeye mwenyewe. Babu yake aliletwa kutoka Kigoma kuwa manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, baba yake akazeekea kiwandani. Yeye ndiye wa kwanza kwao kusoma mpaka chuo kikuu. Tulikutana Mkata, kwenye mkutano wa wakulima, miaka miwili iliyopita. Alisimama mbele akauliza nani ana mahindi yasiyokufa kwa jua, na kila kidole kikanielekea mimi. Akaniangalia. Nakiri, sikuangalia pembeni.

Maana ni kweli mama yangu, Bi Mashavu, ana mahindi ya namna hiyo. Ni mafupi, mekundu, hayana sura ya kumvutia mtu sokoni. Lakini mwaka ule jua lilipoipiga Handeni mpaka watu wakang'oa mabua makavu kulisha mbuzi, shamba letu lilibaki kijani na tukavuna. Mama aliipata mbegu hiyo kwa mama yake, naye kwa mama yake. Tunaitundika jikoni kwenye uchaga, juu ya mafiga, moshi uipitie mwaka mzima wadudu wasiisogelee. Na kwetu mbegu ni ya wanawake. Hata marehemu baba hakuwahi kuunyooshea mkono uchaga ule. Binti hupewa fungu lake siku anayotoka kwenda kwa mumewe, si siku moja kabla.

Jabiri aliniomba mbegu hiyo mwezi wa kwanza. Akasema ni kwa ajili ya utafiti wake, punje hamsini tu zinamtosha. Nikamjibu nitamuuliza mama. Sikumuuliza. Sababu ni mjomba wangu Athuman, ambaye siku aliposikia jina la Jabiri aliweka kikombe cha chai chini na kuniambia maneno ambayo mpaka leo yananiwasha.

"Mjukuu wa manamba. Watu wa kambini wamekula posho ya kupimiwa tangu babu zao, hawajawahi kutunza hata punje moja ya mbegu. Huyo hakutaki wewe, Mwatumu. Anautaka uchaga wa dada yangu."

Nilimjibu mjomba kwa adabu kwamba anakosea. Lakini neno likishaingia limeingia. Wiki hiyo hiyo nikaenda Mkata, nikanunua mahindi mekundu kwa mchuuzi wa barabarani, nikachambua yaliyoiva rangi, nikayafunga kwenye leso na kumpelekea Jabiri. Aliyapokea kwa mikono miwili. Aliniangalia kwa macho yale yake, akaniambia hajawahi kupewa kitu kikubwa hivi na mtu yeyote. Moyo uliniuma, siwezi kukataa. Nikajifariji kwamba kama ni mwizi ataiba ya Mkata, na kama si mwizi nitamwambia ukweli tukishaoana.

Mwezi wa tano akaja Sindeni kumsalimia mama. Alisaidia kuingiza kuni jikoni, na humo ndani nikamwona anautazama uchaga. Aliutazama muda mrefu mno kwa mtu aliyekuja kutazama mchumba. Alipotoka akasema anaomba kuliona shamba. Nikamfuata kwa nyuma bila yeye kujua, na ndipo nikaona nilichokuambia: macho kulia, macho kushoto, jani limechumwa, limefungwa kwenye kitambaa chenye maji, limeingia mkobani. Aliporudi uani hata hakukaa. Mama alikuwa amemchinjia kuku wa kienyeji na wali umeshaiva, bwana akasema ana dharura kazini, akawasha pikipiki akaenda zake. Nani anakataa kuku wa mama mkwe?

Sasa nipo Ngombezi, mlangoni pa kile chumba chao cha kazi, saa nne asubuhi. Aliyenifungulia alikuwa msichana mrembo mwenye koti jeupe. Nikamsalimia kwa ubaridi. Akaniambia anaitwa Joyceline, ni fundi wa maabara, Jabiri yupo kwenye mashamba ya majaribio na atarudi muda si mrefu. Nilipotaja jina langu alicheka kwa furaha kabisa.

"Kumbe wewe ndiye Mwatumu? Karibu ndani, dada. Humu tunaishi na wewe kila siku."

Sikuelewa mpaka aliponionyesha. Nyuma ya chumba kulikuwa na kitalu nyumba, na ndani yake vyungu vimepangwa mstari mrefu, kila kimoja kimechomekwa kibao. Mwatumu 1. Mwatumu 2. Mwatumu 3. Mpaka Mwatumu 50. Kila mbegu, alinieleza, hupewa jina la aliyeitoa. Na Mwatumu wote hamsini walikuwa wamekauka, majani yamejikunja, rangi ya majivu.

"Wametuangusha hawa," Joyceline alisema kwa masikitiko. "Tuliwanyima maji siku kumi tu, wakafa wote. Dakta Godlisten, msimamizi wetu, amesema tuwang'oe wiki ijayo. Jabiri ndiye hataki."

Nilisimama mbele ya maiti wangu hamsini nikakosa pa kuweka uso. Joyceline akaniacha pale akaenda kuchukua maji ya kunikaribisha. Alipotoka tu, mimi nikaingia kazini. Nikarudi kwenye kile chumba, nikaanza kukagua meza ya Jabiri. Sikuona aibu. Nilishaona vya kutosha.

Nilikuta vipande viwili vya kioo, kila kimoja kina kipande cha jani kilichochujwa rangi ya kijani mpaka kikawa cheupe kama karatasi. Kimoja kilijaa madoa ya kahawia kutoka ncha hadi ncha, kama jani lililounguzwa na makaa. Chini yake pameandikwa Mwatumu 12. Cha pili kilikuwa cheupe karibu chote, na vidoa vichache pembeni. Chini yake herufi mbili tu: B.M.

Bi Mashavu.

"Ningependa nikueleze mwenyewe," sauti ikasema nyuma yangu.

Jabiri alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, matope mpaka magotini. Hakuonekana kushtuka kuniona. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Joyceline alitokea nyuma yake na glasi ya maji, akatutazama mmoja mmoja, akaiweka glasi dirishani, akatoka na mlango akaurudisha taratibu. Nikamfuta kwenye orodha yangu ya washukiwa papo hapo.

Nikamuuliza Jabiri hicho ni nini. Akanyoosha kidole kwenye vile vioo, akanieleza taratibu kama mtu anayehesabu maneno yake. Jua likiwaka na maji hakuna, ndani ya jani hutengenezwa sumu. Ni ile ile dawa yenye povu wanayokuoshea kidonda zahanati. Kidogo haina neno, ikizidi inaliunguza jani kutoka ndani. Wao hulilowesha jani kwenye dawa inayogeuka kahawia palipo na hiyo sumu, kisha hulichemsha kwenye spiriti rangi ya kijani itoke, doa libaki peke yake lionekane.

"Kila mmea umerithi maagizo ya kuizima hiyo sumu," alisema. "Ndiyo vinasaba. Mahindi mengi husubiri mpaka yameshaanza kuungua, ndipo maagizo yaamke. Haya ya mama yako huamka mapema. Kiu haijafika, yenyewe yameshajiandaa."

"Kwa hiyo ndicho ulichokuja kuchukua kwetu."

"Hapana."

"Nilikuona, Jabiri. Nilikuona kwa macho yangu haya."

"Najua nilichuma. Sikatai. Lakini sikuchuma kwa ajili ya kujua hilo." Akavuta pumzi. "Nilichuma kujua kama umenidanganya."

Mimi, ambaye mama husema nilizaliwa na jibu mdomoni, nilibaki nimeshika ukingo wa meza.

Akaendelea bila kupandisha sauti. Alituma vipande viwili kwenye maabara kubwa, kimoja cha jani la shambani kwa mama, kingine cha mimea ya kitaluni. Majibu yalirudi Ijumaa. Hayana undugu wowote, alisema. Mahindi niliyompa na mahindi ya mama yangu hayafahamiani.

"Na ulianza lini kunishuku?" nikamuuliza. Nilitaka iwe baada yangu. Nilitaka mimi niwe wa mwanzo angalau kwa hilo.

"Nilipoingia jikoni kwa mama yako na zile kuni. Mbegu zenu ni nyeusi kwa masizi. Chumba kizima kinanuka moshi, na zenyewe zinanuka moshi. Ulizonipa wewe zilikuwa zinang'aa. Zilinuka gunia." Alitazama chini. "Sikujua kwamba mbegu inatakiwa kunuka moshi, Mwatumu. Sisi kambini mahindi yalikuja kwenye gunia. Mtu yeyote wa Sindeni angegundua siku ile ile uliyonipa."

Maneno ya mjomba Athuman yalikuwa yale yale, lakini sasa yametoka kwa mwenyewe, tena bila uchungu, nikatamani nimshike mkono. Sikumshika. Hasira ilikuwa bado ipo na nilikuwa nina haki nayo.

"Ungeniuliza," nikasema. "Ungeniambia, Mwatumu, hizi si zenyewe. Una mdomo."

"Na wewe ungeniambia hutaki kunipa. Ningekubali. Ningekuoa bila punje."

"Watu wote wanasema hivyo kabla."

"Mimi si watu wote. Au ndivyo unavyoniona?"

Nikamuuliza kwa nini basi amekaa kimya wiki tatu, barua ya posa inaandaliwa, wazee wanajipanga, yeye ananipigia simu kila jioni ananiuliza nimekula nini, na huku ananishuku. Alikaa kwenye kiti akauweka uso wake kwenye viganja.

"Ningekuambia nimejua, ungeuliza nimejuaje," alisema. "Na mimi ningetakiwa kusema niliiba jani kwa mama yako huku ananipikia kuku. Sikuweza hata kumla yule kuku. Nilikuwa nasubiri wewe useme kwanza, ili mimi nisiwe na la kusema."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Huyu mwanaume alikuwa ananisubiri, nami nilikuwa namvizia. Lakini moyo wenye shaka haushibi mara moja. Nikamwambia anipe kila kitu cha B.M. Akavuta droo, akatoa bahasha ndogo yenye mabaki ya jani lililokauka, akaiweka juu ya kile kioo, akasogeza vyote kwangu.

"Ni hivi tu?"

"Vya kushika ni hivi tu."

"Na Dakta Godlisten?"

Akasema Dakta hajui lolote kuhusu B.M. Anachojua ni kwamba mbegu ya Mwatumu imeshindwa, na kwamba Jabiri akikosa mbegu nyingine mpaka mwisho wa mwezi, utafiti wake umekufa, na masomo ya shahada ya juu anayoyafanyia utafiti huo yamesimama. Alilisema hilo haraka, kama hataki nilisikie. Nililisikia. Majibu yaliyomfaa yalikuwa mbele yake tangu Ijumaa, na hakuyapeleka.

"Na kwenye kompyuta?" nikauliza.

Akanyamaza. Pale ndipo nilipomshika, nilijua. Mwanaume akinyamaza hivyo, anatafuta uongo wa kukuvika.

"Kwenye kompyuta majibu yapo," alisema hatimaye. "Naweza kuyafuta sasa hivi mbele yako. Lakini ile maabara kubwa wana nakala yao, na hiyo sina uwezo nayo. Siwezi kukuambia yamekwisha wakati hayajakwisha."

Angeweza kunidanganya. Ningejuaje mimi, mambo ya kompyuta? Angesema yote yamefutwa, ningebeba bahasha yangu nikaenda zangu nimeridhika kama mjinga. Nilimtazama yule mtu wa matope, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano nikahisi ninampenda bila kuhesabu mara mbili. Nikatoa simu kwenye mkoba.

Aliniuliza nampigia nani. Sikumjibu. Mama alipopokea nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza vitenge nimepata vya rangi gani. Nikamwambia sipo dukani, nipo Ngombezi, na ninaye Jabiri hapa, na nina jambo la kusema na yeye analo. Nikaweka simu mezani sauti itoke. Nikasema langu lote, la leso na mahindi ya Mkata, bila kujipunguzia. Kisha nikamtazama Jabiri. Akainamia ile simu.

"Shikamoo, mama. Siku ile nilipokuja, nilichuma jani shambani kwako bila kukuomba."

Nilisikia kuku kwa mbali, na mwiko unagonga sufuria.

"Uchaga wangu naujua," mama akasema. "Hakuna hindi lililotoka mwezi wa kwanza, na mwanangu aliondoka hapa na leso imejaa. Nikajua amemdanganya mtu. Na shamba langu nalijua. Jani lilipochumwa niliona kovu lake jioni ile ile. Nikasema nikae, nione nani kati yenu atakuja kusema mwanzo. Sasa mmekuja siku moja, sijui nihesabu vipi."

Jabiri alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa natokwa na jasho kwenye chumba chenye feni.

"Kijana," mama akaita. "Hilo jani lilikuambia nini?"

Akamweleza kwa maneno machache, lile la kujiandaa kabla kiu haijafika. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo ningekuambia mwenyewe kama ungeniuliza. Mama yangu aliniambia nikiwa msichana. Alisema haya mahindi yana wasiwasi." Mwiko ukagonga tena. "Wewe uliomba kwa binti, na binti hana uwezo wa kutoa. Kwa mjomba wake usijaribu, mbegu si yake. Yenyewe huombwa kwangu, kwa mdomo au kwa barua."

"Nimeelewa, mama."

"Jumamosi njoo na barua mbili. Ya kumtaka Mwatumu atapewa Athuman. Ya mbegu utanipa mimi, na uandike ulichofanya na unachotaka kufanya, na hayo majibu ni ya nani. Ya mbegu nitaisoma kwanza. Nikiridhika, ndipo Athuman afungue yake."

"Na usiporidhika?" nikauliza mimi.

"Basi ile nyingine itarudi imefungwa," mama akasema, akakata simu.

Jabiri alichomoa karatasi kwenye daftari lake, akachukua kalamu, akaanza kuandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule. Mheshimiwa mama, mnamo mwezi wa tano nilichukua jani. Nikavuta kiti nikakaa karibu yake, bega kwa bega, kwa mara ya kwanza siku ile. Nikaweka kidole juu ya neno.

"Si nilichukua. Andika niliiba."

Aliniangalia kwa jicho la pembeni. Akakata, akaandika niliiba. Akaendelea mstari hadi mstari, na kila alipojaribu kulipamba jambo nilimgusa kiwiko akalivua nguo. Alipofika mwisho hakuweka sahihi. Aliacha nafasi ya mistari mitatu, akaigeuza karatasi ikanielekea mimi, akaniwekea kalamu kiganjani.

"Hapo ni pako," akasema. "Andika ulidanganya."

Nilikuwa na maneno mengi siku ile, tena makali. Lakini lile moja lilinichukua muda mrefu kuliko barua yake nzima, na yeye hakuniharakisha.